Nilivyonyoosha Shamba la Nduma

Kosa langu la kwanza nilipoanza kujifunza ukulima lilikuwa kunyoosha shamba la nduma la mama yangu bila kumuuliza.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Theta kutoka Kahawa Sukari, ambako niliishi kwa kuwachapia wanafunzi kazi zao. Sikuisomea kazi hiyo wala nyingine yoyote. Karibu kila ninachojua nimejifunza kwenye simu, peke yangu, na mtu anayejifunza hivyo hubaki na woga fulani: huona kama kuna mtihani ambao wengine wote walifanya wakapita, na siku moja yeye ataitishwa cheti. Ndiyo maana nilikuwa nikipanga hata viatu vya wageni mlangoni. Ndiyo maana aya hii yenyewe nimeiandika na kuifuta asubuhi nzima.

Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa pili, msichana tena, na mama akaenda kukaa naye Kamakis ampikie uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na awapokee wanawake wa kanisa waliokuja kumwona mtoto. Nikabaki na shamba. Nyumba yetu iko juu kwenye mteremko. Nduma, ambazo wengine huziita magimbi, ziko chini kabisa, pale ardhi inapoloa kando ya mto. Shamba lilikuwa limejipinda kama mkanda uliotupwa kitandani. Tuta moja liliingia ndani ya lingine, nyasi ndefu zilisimama katikati, na maji yalizunguka polepole kila mahali. Mimi nilikuwa nimetazama video nyingi za wakulima wanaopanda nduma kwa mistari. Nilitaka mama akirudi akute shamba kama yale.

Nikafunga kamba kutoka mti hadi mti, nikachimba mfereji mmoja ulionyooka hadi mtoni. Nikang'oa nduma zote. Zilikuwa na mabua membamba, mekundu yanayokaribia weusi, na hakuna mbili zilizolingana, kwa hivyo nilizirusha ukingoni, juani. Mahali pake nilipanda miche niliyoletewa na muuzaji mmoja wa Thika, yenye majani mapana, yote kimo kimoja. Nikapiga picha. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijisikia kama mtu aliyemaliza kitu.

Mama aliporudi alishuka moja kwa moja mtoni, hata chai hakunywa. Maji yote yalikuwa yamepata njia ya kwenda zake, na udongo katikati ya mistari yangu ulikuwa umeanza kupasuka. Hakunigombeza. Aliuliza tu:

"Zile za shosho uliziweka wapi?"

Nikamwonyesha ukingo. Zilikuwa zimekauka, nyepesi kama maganda ya mahindi. Mama akaokota moja, akaikwaruza kwa ukucha, akairudisha chini taratibu kama anayelaza mtoto. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilikuwa nimelishwa nduma hizo maisha yangu yote bila kuuliza zilitoka wapi. Tulipopanda mteremko kurudi nyumbani mama alinieleza, huku akichambua mchele, bila kunitazama. Shosho, mama yake, alikuja bonde hili akiwa msichana, kuchuma kahawa. Siku hizo migongo yote ya vilima vya huku, kuanzia Ruiru kwenda Thika, ilikuwa kahawa, na mbele zaidi mkonge. Wachumaji waliishi kwenye laini, zile nyumba za vyumba vilivyoshikana, na ardhi yote kavu ilikuwa ya mwenye shamba. Lakini kahawa haipendi kusimama majini. Kwa hivyo sehemu za chini, kando ya mito, ziliachwa, na wanawake wakazichukua kidogo kidogo bila mtu kuwapa. Shosho alipewa mbegu na mchumaji mwenzake aliyetoka juu, upande wa Gatundu. Alipewa, hakuuziwa. Nduma yenyewe unaweza kuipeleka sokoni, lakini mbegu, ile sehemu ya juu iliyo na bua, huirudisha matopeni papo hapo, na ikizidi humpa mwanamke aliyeanza nyumba. Hivyo ndivyo zilivyosafiri bonde zima, kutoka mkono wa mwanamke mmoja hadi wa mwingine.

Kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Kwa hivyo yule mtoto wa Kamakis ndiye mama yangu mwenyewe, mdogo. Mama alikuwa amemwahidi tuta lake, la mbegu ya shosho. Hiyo ndiyo mbegu niliyoanika.

Kilichobaki kilikuwa kuwaendea wanawake ambao mama aliwahi kuwapa. Wa kwanza, karibu na Ruiru, alitupeleka nyuma ya nyumba kutuonyesha ghorofa iliyojengwa hadi ukingoni mwa maji. Siku hizi anapanda sukuma wiki kwenye magunia. Wa pili aliacha nduma mto ulipoanza kushuka na povu lenye harufu. Katika kila lango mama alisimulia kosa langu kabla ya kusema shida yetu. Huyo wa pili, mzee wa miaka mingi, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kumbe ndiye wewe ulinyoosha mto," akasema. "Karibu, injinia. Lakini hapa kwangu usiguse kitu. Hata hicho kiti, kiache vile kimekaa."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanachoma.

Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Kakamega, anayeishi kwenye laini za shamba la kahawa ambalo bado halijauzwa. Yeye na mama walikuwa wakifua nguo mahali pamoja zamani. Alikuwa na nduma, nyingi, zimeizunguka chemchemi. Ila alituambia ukweli mapema: alizipanda pamoja na nyingine alizokuja nazo kutoka kwao, na sasa hajui ipi ni ipi.

Nilianza kulinganisha mabua, nikapiga picha za majani, nikamuuliza mama tutazitambuaje zile halisi. Mwenyeji aliweka chache kwenye sufuria, tukakaa kungoja. Zilipoiva mama alimenya moja, akaila bila haraka, akiangalia chini.

"Ni zenyewe?" nikauliza.

"Ziliolewa," akasema. "Ama ulitaka shosho yako akae tu nyumbani?"

"Na mahari hatujaona," akasema mwenyeji, na walicheka mpaka mama akaweka kikombe chini.

Tulirudi na mbegu zimefungwa kwa majani ya ndizi. Miche yangu ya majani mapana ilikuwa imeungua. Niliufukia ule mfereji mwenyewe, bonge kwa bonge, na maji yakaanza kusita, kisha kusambaa. Mama alikaa kwenye jiwe. Kila nilipomuuliza nipande wapi aliniambia nitazame maji yanasimama wapi. Mikono yangu ilitaka kupanga. Kuna mche niliuhamisha, nikauhamisha tena, hadi mama akaniambia, kwa sauti ndogo, akiniita kama alivyoniita nikiwa mdogo, "Baba, huo mche uache sasa ulale."

Dada alikuja na mtoto mvua ilipopungua. Mama alimchukua, akashuka naye polepole akishikilia nyasi, akamvua soksi, akagusisha kisigino chake kwenye matope ya tuta lake.

"Mum, ametoka kuoga," dada akalalamika.

"Mwache mwenye shamba aone shamba," mama akasema. Mtoto hakulia. Alikunja vidole.

Tangu wakati huo mambo machache yamebadilika. Bado napanga viatu, na bado nafuta ninachoandika. Lakini sing'oi kitu shambani kwa mama kabla ya kumuuliza kilitoka kwa nani. Na tuta la mtoto, ambalo halijanyooka, limeshika mizizi.