Sakafu Niliyoikata Nzima

Kazi yetu pale Temeke, mie na mjomba wangu, ni kuvunja magari yaliyokufa na kuyatibu yaliyozeeka. Yaliyokufa tunayatoa spea: taa, ekseli, vitasa, hata bawaba. Yaliyozeeka tunayakata kutu na kuyatia viraka. Uwanja ni wa mjomba. Mie nilimaliza darasa la nne nikaja kwake, na baada ya miaka sita nina tindo langu na nyundo yangu, na nilikuwa na gari langu pia. Nasema nilikuwa nalo, ingawa mpaka leo lipo nyuma ya kibanda. Hapo ndipo akili inaponivurugika.

Lilikuwa mzoga. Mzungu mmoja wa mashamba alilitupa baada ya vita, mjomba akalivuta kwa kamba mpaka uwanjani, tukalitoa injini, na lililobaki akanipa mie.

"Chukua," alisema, "ukafugie kuku."

Sikufuga kuku. Kila siku baada ya kazi nilikuwa nalikwangua. Mwaka mzima niliumalizia kwenye sakafu tu, maana nilijiambia gari ni kama nyumba, lazima uanzie chini. Niliipiga msasa, nikaipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono mitatu, nikawa naivulia viatu nikiingia. Usukani nilishaupata kwenye lori la jeshi, mkubwa mno, ukikaa unakugusa tumbo. Nilishampangia mama yangu safari: tungepita Tegeta tukaenda hadi Bagamoyo, yeye akae mbele, akitaka machungwa tusimame. Injini sikuwa nayo. Jambo hilo halikunisumbua hata kidogo.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, tuliletewa kazi na mama mmoja wa mtaa wetu. Mumewe alikuwa amefariki, naye alikuwa bado yumo edani. Marehemu alikuwa fundi wa kuunda na kuziba mashua, na aliacha gari la aina ile ile kama langu. Mji mzima sidhani kama yalizidi matatu. Miezi yote ya eda lilikuwa limekaa chini ya banda la makuti linalovuja. Nikatumwa kulichukua tulikate kutu. Mwanamke aliye edani haonani na wanaume wa kando, kwa hiyo nilizungumza na pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe fundi?"

"Ndiye mie, na mjomba wangu."

"Zimebaki wiki mbili nitoke. Siku hiyo nataka nikamwone dada yangu Mbagala, na nataka niende na gari la mume wangu. Mkwe wangu ataendesha. Mtaniwahi?"

"Tutakuwahi, mama."

"Usije ukaniambia bado kidogo. Mafundi nawajua, nimeishi na mmoja miaka ishirini na tisa."

Nikaliambia pazia kwamba mie si fundi wa bado kidogo. Pazia likacheka.

Kesho yake mjomba akaitwa Kibamba, kulikopinduka lori, akang'oe vya kung'oa. Aliniachia neno moja: "Gonga, sikiliza, kata panapostahili."

Ndivyo tunavyofanya. Kutu haionekani yote kwa macho. Unachukua nyundo ndogo, unagonga taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa watu usiku. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinajibu kwa sauti ya debe lililojaa mchanga. Unakifuata mpaka kinapoanza kulia, unaongeza upana wa kidole, unakata.

Niligonga sakafu ya gari lile. Kimya. Nikasogea upande wa kulia, kimya. Chini ya kiti cha nyuma, kimya. Nilimhurumia yule mama, nikaona gari la mumewe limeoza lote na yeye hajui. Basi nikakata. Nilikata siku mbili, nikifuata sauti ambayo haikuja. Nilipomaliza ungeweza kusimama ndani ya gari ukiwa umekanyaga mchanga wa Temeke.

Mjomba akarudi. Akalizunguka gari mara moja. Akaokota kipande kimoja nilichokitupa, akakikwangua kwa kisu. Ikatoka lami nyeusi, ikatoka pamba iliyoloweshwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua, harufu ikatupiga wote wawili. Chini yake chuma kikang'aa.

"Hiki kizima," alisema.

"Kilikuwa kimya, mjomba."

"Kitalia vipi nacho kimevishwa blanketi? Mwenzio aliliziba gari kama mashua. Maji ya mvua yalikuwa yanaingilia mlangoni tu." Akakirusha chini. "Wewe hukukata. Umekula."

Nilikaa juu ya tairi. Sikujua nimekosea wapi, maana kila nilichofundishwa nilikifanya. Niligonga, nilisikiliza. Mpaka leo nikirudia kichwani sioni pale ambapo ningesimama.

Tulitafuta bati. Bati la mapipa lilikuwepo, lakini sakafu ile ina mikunjo na kilima cha kupitishia ekseli, na mjomba alisema bati tupu litacheza, mama wa watu akanyage mguu utokee barabarani. Kisha tukaacha kutafuta, kwa sababu sote wawili tulijua sakafu ya aina ile iko wapi.

"Mie sikuambii kitu," mjomba akasema. "Gari ni lako."

Afadhali angeniamuru. Ningeweza kumnunia. Siku tatu nilizunguka mzoga wangu, asubuhi nasema nitaikata, mchana nasema haiwezekani, kosa ni la marehemu aliyedhani gari linaelea. Halafu namkumbuka yule aliyecheka nyuma ya pazia, naona haya. Siku ya nne nilichukua tindo. Niliigonga kwanza, kwa mazoea. Ililia kila mahali. Sijawahi kusikia chuma kinalia vizuri namna ile, na nilicheka peke yangu, sijui kwa nini, nikaanza kukata.

Tuliifunga kwa ribiti, ikakaa kama imezaliwa humo. Siku ya mama kutoka eda tulilipeleka gari nyumbani kwake, limeoshwa. Akatoka na buibui lake, uso umefunikwa, macho peke yake yanaonekana. Mkwewe akamfungulia mlango. Aliweka mguu mmoja ndani, akakanyaga mara mbili, akasita.

"Hii si sakafu yake," alisema. "Yake ilikuwa haisemi."

Mjomba akaangalia viatu vyake. Ningeweza nami kuangalia vyangu.

"Nilikata nzima, mama," nikasema. "Nilidhani imeoza. Nimekuwekea nyingine."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye gari langu."

"Una gari wewe?"

"Ninalo. Halina injini."

"Na sasa halina sakafu."

"Ndiyo, mama."

Akaniangalia. Yale macho sikuweza kuyasoma, kama yamekasirika au yanacheka au yako karibu kulia. Kisha akaingia, akakusanya buibui lake, akaiweka miguu yake vizuri juu ya ile rangi nyekundu.

"Haya," akamwambia mkwewe, "twende. Polepole, tumechukua gari mbili."

Wakaondoka. Nimeyageuza maneno hayo miezi yote hii. Kuna siku naona alinisamehe, kuna siku naona alinisuta mbele ya watu, na kuna siku naona alikuwa anaongea na mumewe, mie nilisikia tu.

Tulirudi uwanjani kwa miguu. Mjomba akasimama mbele ya lile langu, mlango wazi, usukani wa lori umening'inia juu ya mchanga.

"Tulivunje?" akaniuliza. "Milango bado ina kazi."

Nikamwambia angoje kwanza. Ameniuliza tena juzi, nami nimemjibu vile vile.