Mwaka Jiwe la Udhu Lilipohamia Bustanini

Kuhusu yale yaliyokuja kuipata Kigali nimeulizwa sana, na nikiulizwa hujibu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za bustani yangu ya Rwezamenyo, kule Nyamirambo, na hilo huniudhi. Basi leo nasimulia bustani. Asiyetaka kusikia mambo ya mchicha aende zake salama.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, mwezi wa pili ukielekea kwisha. Kiangazi kile kifupi kilikuwa kinaaga, na kila aliyekuwa na kipande cha ardhi alikuwa ameinama. Mvua ya masika, itumba kama wanavyoiita majirani, haikungoji. Ikikukuta hujatifua, kazi yako ni kukaa dirishani na kutazama magugu yakinenepa.

Kipande changu kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe, tulipokuwa tunakaa sote: yeye, mume wangu fundi cherehani, mimi na watoto. Kilikuwa mtelemkoni, kimekatwa ngazi mbili. Tuta la juu lilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Tuta la chini ulilifikia kwa kushuka ukingo wa udongo mwekundu unaoteleza hata ukiwa mkavu. Ubavuni, kutoka jikoni mpaka chini, ulishuka ua wa miyenzi, yaani minyaa, uliotutenga na jirani. Si kikubwa. Lakini nyumba ilikuwa ya mama mkwe, cherehani ya mume wangu, na barabara ya kila mtu. Kile kipande ndicho pekee nilichoweza kukiita changu bila mtu kukohoa. Nilikipenda, nasema wazi, nilikipenda kupita kiasi.

Siku hiyo nilikuwa nafukua shimo la taka, lenye maganda ya ndizi na majivu ya mwaka mzima, ambayo sasa yalikuwa mbolea nyeusi ya kutamanisha. Nimepakaa matope mpaka kwenye nyusi. Nikasikia toroli. Nikainua kichwa: vijana wanashusha matofali ya kuchoma, wanayapanga pembeni ya tuta langu.

"Ya nini haya?" nikauliza.

Mume wangu akaja nyuma yao, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa shati. "Nataka kujenga chumba cha mpangaji, mama watoto. Baada ya Idi naanza msingi."

"Wapi?"

Alitazama miguu yangu ilipokanyaga, na jibu lilikuwa pale pale.

Weee! Mimi mdomo sina breki, na siku hiyo uliteremka mlima mzima wa Nyamirambo. Nilimwambia chumba hakiliwi. Nilimwambia tangu vita vianze, viazi vya kutoka kaskazini havifiki tena sokoni kama zamani, na mwenye mboga nyuma ya nyumba siku hizi ndiye mwenye akili. Yeye akanisikiliza vizuri, ndivyo alivyo, ugomvi hausikilizi, maneno anayasikiliza. Kisha akacheka.

"Mboga gani? Hapa naona magugu na mke mwenye matope. Sikiliza. Kama bustani hii italisha wageni wetu wa Idi, matofali ni yako, fanya unavyotaka. Isipolisha, ni chumba."

"Mama, umemsikia mwanao?" nikaita.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anashona kofia. Huyu babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na alipenda kusema kiapo kikishasikiwa na mtu wa tatu hakina pa kukimbilia. "Nimemsikia," akasema. "Na wewe nimekusikia, mkamwana. Mtaa mzima umekusikia."

Nilifanya kazi, jamani. Nilifyeka, nikang'oa mabua ya mahindi ya zamani, nikavunja madongoa kwa kisigino cha jembe. Nikatandaza ile mbolea. Nikapunguza ua wa miyenzi, uso nimeufunga kanga yote nikabakiza macho, kisha nikakumbuka ni macho hasa ambayo utomvu wake unayaunguza. Nikasafisha mfereji wa bati, nikatoa viota viwili na kandambili ya mtoto. Mama mkwe akafungua pembe ya kanga yake akanipa mbegu za dodo, ndiyo mchicha wetu wa hapa, ndogo, nyeusi, zinazong'aa. Mvua moja nzuri ikanyesha. Nikamwaga mbegu matuta yote mawili, nikafunika kwa udongo laini, na siku chache baadaye mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia. Dodo haichukui muda. Mfungo ukiisha, nayo inachumwa. Hesabu yangu ilikuwa imenyooka.

Mbingu ndizo zilizokosa adabu. Mbegu zikaota, nyekundu kwa chini, majani mawili mawili, halafu mvua ikakata. Jua tu. Kila siku mawingu yalikusanyika upande wa mto, yakatutazama, yakaondoka. Bomba la mtaa lilikuwa na foleni ya bidoni, madumu ya maji, tangu alfajiri, na bidoni nililofanikiwa kupandisha lilikuwa la kupikia futari, la kufulia na la kutawadhia. La bustani halikuwepo. Nilikuwa nikifunga na kulia. Nilimwonea hata wivu mpangaji ambaye hajazaliwa.

Asubuhi moja nimesimama kwenye ua nikinung'unika, nikaona kitu upande wa pili. Boga la jirani! Kila kitu kimesinyaa, lakini boga lake limetambaa kwenye miyenzi, majani mapana, mabichi, yananicheka. Jirani yetu huyu alikuwa Mkatoliki, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, muuza vitenge, na Kiswahili chake kilikuwa chake mwenyewe.

"Wewe unapata maji wapi?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Maji gani, dada? Mimi sina maji. Hii boga iko inajiotea tu."

Nikafuata shina la lile boga kwa macho. Lilianzia kwenye kona ya juu ya ua, karibu na jikoni kwetu, mahali ambapo ardhi ilikuwa na unyevu. Unyevu unatoka kwetu. Na kwetu, kwenye kona ile ile, palikuwa na jiwe bapa ambalo nyumba nzima ilisimama juu yake kutia udhu, mara tano kwa siku, tangu kabla sijaolewa. Maji ya viganja, ya nyuso, ya miguu, yote yalikuwa yakipita chini ya ua kwenda kwa jirani.

"Ayiwee!" nikasema. "Miaka yote hii tunamwagilia maboga yako kwa udhu wetu!"

Akashika kiuno, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Kumbe boga zangu zimesilimu!"

Sikusubiri. Nililing'oa lile jiwe kwa mtaimbo, nikalibingirisha mpaka tuta la juu, nikalilaza katikati ya mistari ya dodo. Magharibi ilipokaribia mume wangu akatoka na birika, akaenda kwenye kona, akasimama.

"Jiwe liko wapi?"

"Limehama."

"Jiwe linahama?"

"Mwaka huu linahama. Liko pale kwenye mchicha. Nawa taratibu, usirushe."

Alinitazama, akatazama birika. Hakuna Mwislamu anayeweza kukataa udhu kwa sababu ya ugomvi na mkewe. Akaenda. Adui wa bustani yangu alikunja suruali, akainywesha bustani yangu, na mimi nilikimbilia jikoni nikafunika mdomo kwa kitambaa cha sufuria.

Kuanzia hapo nililisogeza jiwe kila baada ya sala. Mama mkwe mwanzoni alilalamika kwamba anatawadha kisha anakanyaga matope. Nikamtandikia mkeka wa zamani. Haukupita muda yeye mwenyewe akawa anatoka na kopo lake akiuliza, "Leo nanawia wapi?" na nikichelewa kulisogeza ananigombeza. Marafiki wa mume wangu waliokuja kufuturu kwetu nao niliwapanga mistari. Mmoja mwenye miguu mikubwa nilimpa sehemu iliyokauka zaidi.

Tuta la juu likapona. Lakini tuta la chini nililipoteza. Jiwe lilikuwa zito mno kushushwa kwenye ule ukingo, na mama mkwe na magoti yake asingeweza kufika. Nilishuka mara ya mwisho nikakuta majani yamenyong'onyea, yamekuwa ya njano. Niliyaomba radhi, kweli, niliongea na mchicha. Nikapanda juu na sikutazama tena huko, kwa kuwa iliniuma. Na niliijua Idi ya nyumba ile: watu hujaa mpaka barazani. Tuta moja lisingewatosha. Kila nilipopita kwenye matofali niliyaona yameshajipanga kuwa ukuta.

Kumi la mwisho la mfungo, siku moja, nilirudi kutoka sokoni adhuhuri, jua la utosi, ulimi umenikauka. Nilipitia kwa jirani kumpa kitunguu chake alichoniagiza. Akaweka kidole midomoni, akanivuta mpaka kwenye ua, akatenganisha miyenzi kidogo.

Mume wangu alikuwa kwenye tuta la chini.

Kibaraza chake cha kushonea kilikuwa chini kabisa, barabara kuu, mlango kwa mlango na msikiti wenye mabomba yake na kivuli chake. Mtu aliyefunga hana sababu yoyote duniani ya kuupanda mlima ule saa ile. Alikuwa amechuchumaa, suruali imekunjwa, matope yamempaka ubavu mmoja, birika mkononi. Ananawa mguu. Ananawa mguu ule ule. Akasogea hatua, akaanza mguu wa pili, polepole, kidole kwa kidole, na hakuna shehe aliyewahi kutawadha kwa urefu ule. Na kuzunguka miguu yake dodo imesimama, pana, mbichi, imefika magotini.

"Huyu iko anakuja kila siku, wewe ukienda sokoni," jirani akaninong'oneza. "Mimi nilidhani unajua."

Sikujua. Nilisimama pale na kitunguu mkononi, na machozi yakanitoka, ya furaha, na pia ya hasira, maana ningeweza kulala usingizi siku zote zile. Sikumwita. Alipomaliza alipanda ukingo, akateleza, akashika nyasi, akasema "Astaghfirullah", akapanda tena. Nikamwacha aende akasali.

Siku ya Idi walikuja wote. Tulipika dodo ya tuta la juu kwa karanga na ya tuta la chini kwa mawese, na sahani zilirudi jikoni zimefutwa. Jirani naye alikuja, amejitwisha boga kubwa, akalitua mbele ya mama mkwe. "Hii ni ya kwenu, mimi nililea tu." Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama mkwe alipomaliza kula akajifuta vidole, akamtazama mwanawe. "Fundi, wageni wamekula?"

"Wamekula, mama."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka humo," akasema, akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa. Aliigiza vizuri sana, mnafiki yule.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha, hatimaye, na mimi nilikuwa natoboa mashimo ya maharage. Akaja amebeba matofali mawili kifuani.

"Ni yako haya. Niyapange wapi?"

"Unavyoona wewe."

Akaenda moja kwa moja kwenye ukingo, akapiga magoti, akaanza kuchimba vipago na kulaza tofali juu ya tofali, ngazi ya kushukia tuta la chini. Alikuwa anapima kila daraja kwa mguu wake.

"Kwa nini pale?" nikamuuliza.

"Panateleza vibaya."

"Wewe umejuaje, baba watoto? Huku wewe hufiki."

Mkono ukasimama na tofali. Hakugeuka, lakini niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nikachukua lile tofali mkononi mwake, nikalilaza mwenyewe, nikapiga magoti kando yake kwenye matope.