Chumvi Aliyoila Chelel

Harufu ya jiwe bichi na mavi ya popo ikinipata popote, narudi darasa la nne, likizo ya Agosti, baridi ya kwetu Bomet ikiuma vidole. Chini ya shamba letu la majani chai kijito kinaingia kwenye pango la mawe ya chokaa. Lina midomo mitatu: wa juu unaomeza maji, wa kati uliofichwa na vichaka, na wa chini ambako maji hutokea baridi kama yametoka kwa friji. Mimi na dada yangu Chebet tulitaka kuingia juu na kutokea chini, jambo ambalo wavulana wa jirani walijisifu kulifanya ingawa hakuna aliyewaona.

Chebet alikuwa na mpango. Alichota chumvi ya ng'ombe, na kila njia ilipogawanyika aliweka rundo dogo juu ya jiwe, ili tukishindwa tufuate chumvi kurudi. Tukashindwa kweli, maji yalinifika kiunoni. Tulipogeuka, kwenye jiwe la mwisho tulimkuta Chelel, ndama wetu mweupe, akijilamba pua. Alikuwa ametufuata kimyakimya tangu mlangoni, na njia yetu yote ilikuwa tumboni mwake.

Nililia. Tochi nayo ilishaanza kufifia. Chebet alicheka kwanza, kisha akanishikisha mkia wa ndama.

"Tumfuate huyu."

"Na akitupeleka ndani zaidi?"

"Saa kumi mama yake anakamuliwa. Umewahi kuona huyu amekosa maziwa?"

Basi tukaenda, mkono wa Chebet begani kwangu, Chelel akinusa hewa na kukata kona bila kusita, mpaka vichaka vikatukwaruza uso na jua likatuchoma macho. Ulikuwa mdomo wa kati. Huko juu tulimsikia Mama akigonga ndoo. Jioni alishangaa tu ndama alivyomaliza karai zima la maji.

Siku hizi Chebet anauza viazi Londiani. Juzi kwenye simu aliniambia kwamba ule mkono begani haukuwa wa kunituliza. Miguu yake ndiyo iliyokuwa ikitetemeka. Mimi bado nina mipango mikubwa, na simu yangu ina ramani ya dunia nzima, lakini sijapata tena kuongozwa vizuri vile. Nikipita pale pangoni naacha chumvi kidogo juu ya jiwe. Ng'ombe wa nani atailamba, si shauri yangu.