Gitaa la Mninga la Dada Veneranda

Sisi tuliokulia Murungu, Kibondo, enzi zile kwaya nzima ilipokuwa na gitaa moja la umeme, tunajua kwamba gitaa lilikuwa mzigo kama mizigo mingine. La kwaya yetu alilichonga baba yangu, fundi seremala, kwa ubao wa mninga. Nyaya na sumaku za kunasa sauti alizitoa kwenye gitaa bovu alilolipata kwa Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkanda ulikuwa mpira wa ndani wa baiskeli. Spika ilitumia betri ya gari, nasi watoto tuligombania kuibeba, tukarudi nyumbani na mashati yaliyotobolewa na tindikali, tukachapwa.

Mpigaji alikuwa dada yangu Veneranda, binti mwembamba wa miaka kumi na saba. Kwaya yetu haikuimba imesimama tu, na mpiga gitaa alicheza hatua pamoja na wenzake. Kila hatua mpira ulivutika, gitaa likashuka kuelekea magotini, naye akalipandisha kwa bega la kushoto. Jioni mama alimkanda bega hilo kwa maji ya moto, kisha akampaka mawese. Harufu ile sijaisahau.

"Data, baba yangu, lipunguze kidogo," dada alimwomba baba. "Bega limekufa ganzi."

"Mwana wanje, mwanangu, ubao mwepesi hauimbi," baba alijibu. "Uzito ndio unaoshika sauti isikatike."

Hakuwa mkatili. Aliipenda tu sauti ile kupita kiasi. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, akafumba macho dada alipofika kwenye noti ya mwisho, asikie itachukua muda gani kuisha. Nilimwona akitabasamu, na siku hizo nilimchukia kidogo.

Wiki ya kwenda Kasulu kuimba na kwaya nyingine, Veneranda alishindwa kuinua mkono kuchana nywele. Akasema haendi. Hakukuwa na mpigaji mwingine. Baba hakumgombeza. Asubuhi alilivaa gitaa lile mwenyewe, akasimama nalo uani. Mama alimwita kula mchana, hakuja. Alipolivua alijishika bega, kisha akachukua patasi, akalichimba mgongoni. Vipande vyekundu vya mninga vilijaa miguuni pake.

Kule Kasulu dada alicheza hatua zote. Lakini noti ya mwisho ilikatika mapema, na huko nyuma hatukuisikia ikiisha. Baba alifumbua macho. Akainuka, akapita mabenchi yote, akakaa chini mbele na watoto, karibu na spika. Tangu siku hiyo, hata kanisani kwetu Murungu, hapo mbele ndipo palipokuwa mahali pake kila Jumapili hadi alipofariki. Hakuwahi kumwambia dada kwamba sauti imebadilika.

Vijana wa kwaya siku hizi wana magitaa mepesi ya dukani na mikanda mipana yenye sponji, na bado baada ya nyimbo mbili wanatafuta kiti. Wakitaka sauti ndefu wanakanyaga kitufe. Nafurahi kwamba mabega yao ni mazima, nasema kweli. Ila moyo wangu unaikumbuka sauti iliyomgharimu mtu kitu. Sasa spika zimejaa kila kona, na muziki unafika hadi barabarani. Hakuna anayelazimika kusogea ili asikie.

Veneranda ameshakuwa bibi, na hapigi tena. Akiingia kanisani hupita mabenchi yote, akakaa mbele, karibu na spika.