Ukindu Mmoja Mwekundu

Ulikuwa mwaka tuliokula maboga. Mahindi yalikaukia shambani, maboga yakagoma kufa, basi asubuhi boga, jioni boga, hadi mjukuu wangu wa kike akasema, "Bibi, mimi sasa naota mbegu." Nikacheka, lakini moyoni sikucheka. Ndipo tuliposikia Mikumi kuna banda la mikeka, wanatafutwa wanawake wanaojua kusuka. Tukafunga safari, mimi na yeye, kutoka kijijini kwetu Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa.

Kusuka najua. Shule niliishia darasa la pili, lakini mkeka wangu ukiukalia hutaki kunyanyuka. Na kwetu kila msukaji ana alama yake. Kwenye msiba mikeka ya mtaa mzima inatandikwa pamoja. Watu wakitawanyika, kila mmoja anatafuta wake. Alama yangu ni ukindu mmoja mwekundu pembeni, kama wa mama yangu.

Bandani sikusuka mkeka. Nilipewa ukili tu, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Mweupe mtupu. Ukirefuka, msimamizi, binti wa rika la mjukuu wangu, anauviringisha, anaondoka nao. Kushona walishona wengine, chumba cha pili. Siku ya tatu vidole vyenyewe vikachomeka mwekundu.

"Bibi, fumua hapo."

"Nifumue nini? Hapo ndipo nilipo mimi."

"Mzigo wote unatakiwa ufanane, bibi yangu. Wageni wa hotelini hawakujui."

Nikafumua, kwa ajili ya yale maboga.

Jumamosi mikeka ikapangwa nje kungoja gari. Nikainama, nikaipapasa mmoja mmoja, natafuta kazi ya mkono wangu. Mimi, ninayeujua mkeka wangu hata ukiwa umejaa waombolezaji! Sikuuona. Wiki nzima nimesuka, kumbe sina mkeka hata mmoja pale. Nilijisikia kama mzazi aliyenyang'anywa mtoto kabla hajamwona sura.

Msimamizi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, "Sisuki nisichokimaliza."

Tukarudi. Mjukuu alinuna njia nzima.

"Maboga tena," akasema.

"Maboga yangu. Nimepanda mwenyewe, nimevuna mwenyewe."

Mwezi uliofuata yule binti akaja na bodaboda, akanikuta uani namalizia mkeka wa mjukuu wangu, pembe ya mwisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, kaa hapo, ila usikanyage."

Akasema wamenifikiria. Nitasukia ukili nyumbani, gari litaufuata, na juu ya malipo wataniletea mchele. Mjukuu aliposikia mchele akaacha kumenya boga, akanitazama. Nilimwona anavyomeza mate. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma.

Nikachomeka ukindu mwekundu, nikaukaza kwa meno, kisha nikamwinulia binti wa watu macho.

"Sisuki nisichokimaliza."