Dirisha la Paa la Afande Akeyo

Miaka kumi na mitano Matia alikuwa fundi umeme wa magari pale Namakwekwe, Mbale, na hata madereva wa Tororo walimjua. Mwaka 1996 macho yake yakaanza kufifia, kwanza pembeni, kisha ukungu ukatanda hadi katikati. Daktari alimwambia mishipa imeshakufa, miwani haitasaidia kitu. Hakumwambia mtu ila mkewe, Nambozo.

Mvua za Machi zikikaribia, akaja Afande Akeyo, ofisa wa magereza. Dirisha la paa la gari lake lilikuwa limekwama wazi. Mota yake ilikuwa imeungua. Matia alikuwa hajagusa gari wiki tatu, akakubali. Mota nyingine alijua itapatikana Jinja, kule Kimaka, kwa rafiki yake Sulait aliyeuza vipuri vya magari mabovu. Akaenda na Nambozo, wameshikana mikono kama wachumba, watu wasishuku. Sulait akawafungulia mota moja kutoka kwenye gari la aina ileile lililopinduka.

Kesho yake asubuhi Matia akafungua taa ya ndani ya gari, akalegeza kitambaa cha dari, akatoa skrubu tatu za mota iliyoungua. Vidole havikupotea hata mara moja. Kwanza alikisogeza kioo kwa kuzungusha gea kwa spana mpaka kikafunga kabisa, ndipo akapachika mota, ili gea ishike sawasawa pande zote mbili. Zikabaki nyaya. Nambozo, aliyeketi kiti cha mbele na ungo wa maharage mapajani kana kwamba anachambua, akamnong'oneza rangi: nyekundu huku, kahawia kule.

Afande alipofika akabonyeza swichi. Kioo kikafunguka, kikarudi, kikakaa bila upenyo. Akamsifu sana, akasema atamletea magari ya wenzake. Kisha akamnyooshea mkono wa shukrani. Mkono ukabaki hewani. Nambozo akamgusa mumewe kiwiko, naye akapapasa upande usio wenyewe.

"Fundi, wewe huoni?"

"Naona kidogo, afande."

"Kidogo kiasi gani?"

Nambozo akasema rangi za nyaya alizitaja yeye, na kwamba kazi ni safi.

Akeyo hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Matia zaidi. Alisema pole, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, akaondoka. Jioni ile Matia akasikia kwamba amelipeleka gari kwa fundi wa mtaa wa pili, dari ikashushwa tena ikaguliwe. Kosa halikuonekana. Lakini habari ilikuwa imeshatoka.

Kufikia Juni hakuna gari lililosimama mlangoni kwake. Wakahamia Wanale, kwenye kipande cha shamba la kina Nambozo. Huko Matia hupukuchua mahindi. Gari likipanda kilima kwa shida huinua kichwa, akasikiliza.

"Plagi moja imekufa," humwambia mkewe.

Nambozo huitikia, na gari linapita.