Sikio la Kushoto

Nilipewa sikio la kushoto. Mwenzangu alipewa la kulia. Mume wetu aligawa masikio yake mawili kati ya wake zake wawili, kama alivyogawa nguo, mchele na zamu za kulala, akaamini kwamba ametenda haki. Nikisimulia leo, watu hucheka. Mimi sikucheka.

Alikuwa fundi wa tembo. Siku zile, kabla Wadachi hawajaingia Bagamoyo, pembe ndiyo iliyolisha mji, na misafara ilishuka kutoka bara na mapembe mabegani. Mume wangu hakungoja tembo waliouawa na wengine. Kila kiangazi alitoka na wenzake wawili wenye bunduki, wakapita Msata, wakaenda kuwinda kando ya mto Wami, wakarudi baada ya mwezi, pengine miwili. Bunduki yake ilikuwa gobori refu la kujaziwa mdomoni, na kwa tembo alishindilia baruti mara tatu ya ile ya paa. Likilia, ndege wa bonde zima wanahama.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alirudi na pembe nne na masikio yenye uvumi. Siku tatu nzima aliniuliza ni nani anayepuliza zumari nyuma ya nyumba. Hapakuwa na zumari. Nikaogopa, maana nilijua kwamba mwindaji akikosa masikio amekwisha. Porini tembo husikika kabla hajaonekana: tawi huvunjika, tumbo lake hunguruma kichakani, na usiposikia wewe, yeye atakusikia. Masikio yale ndiyo yaliyokuwa yakimrudisha kwangu. Nikasema, haya nitayalinda mwenyewe.

Wenzake walikuwa na njia zao. Mmoja alitia majani yaliyotafunwa. Wa pili hakutia kitu, akisema kuziba masikio ni woga. Huyo ukimwuliza habari za watoto alikujibu bei ya pembe. Sikutaka mume wangu awe kama huyo.

Asubuhi moja nikamketisha mkekani uani, nikakaa nyuma yake na sinia la shaba na mchi wa kutwangia, tukaanza kujaribu. Pamba tupu: nilipopiga sinia aliruka kama amekanyaga kaa la moto. Nta tupu: ilizuia vizuri, lakini haikutaka kutoka, na nusu ya asubuhi ilipita nikiichokoa kwa kijiti huku yeye akisema nitamtoboa. Kitambaa cha mafuta ya nazi kilimtiririkia shingoni. Sufi ilimwasha. Mwisho nikasokota pamba ikawa ngumu, nikaivika nta niliyoilainisha kiganjani, nikaifinyanga kwa kipimo cha tundu la sikio lake, nikaitia uzi. Kizibo cha namna hiyo mtu hukining'iniza shingoni. Anaponyatia, masikio yako wazi. Tembo akishaonekana, anakisukuma kwa kidole kimoja. Akishapiga, anavuta uzi.

Nikapiga sinia kwa nguvu zangu zote. Majirani walitoka nje. Yeye alikaa tu, kisha akauliza, "Bado hujaanza?"

Siku ile nilijiona kama hakuna mwanamke mwingine duniani aliyepata kuolewa.

Nta ikaisha. Na mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, nikamwambia, "Bwana, ukipita Msata uulizie nta nzuri. Hii ya dukani ina mchanga." Akaulizia. Akaelekezwa kwa Mkwere mmoja, mrina asali, mwenye nta safi na binti. Safari ya kwanza alileta nta. Safari ya pili alileta nta nyingi kuliko tulivyohitaji. Safari ya tatu alimleta na binti. Wahenga husema mtu hujipalia makaa. Mimi niliyapalia na kuyapuliza.

Ningependa kusema kwamba alikuwa mbaya wa sura, au hana adabu. Siku ya kwanza alipiga goti mlangoni kwangu akasema, "Shikamoo, dada," kwa sauti ya chini, nzuri, ya mtu aliyelelewa. Nikaitikia marahaba kwa meno. Mume wangu akamjengea nyumba ng'ambo ya ua wetu wa makuti, yenye vyumba vile vile kama yangu, na mlango wa upana ule ule. Akinunua doti ya nguo kwangu, alinunua na kwake. Sikuwa na pa kumshika. Mwanamume akikudhulumu utalia, watu wakusikie. Akikutendea haki, utalia kwa nani?

Kisha akaja kwenye vizibo. Mwenzangu alikuwa amekua mikononi mwa nta. Hakuhitaji sinia wala mchi. Alitengeneza vizibo vyake vya tabaka mbili, laini ndani, vigumu nje, visivyoyeyuka juani. Nilivikuta vimeanikwa kwenye ungo, nikavitia kwa siri masikioni mwangu, na kelele zote za mtaa zikazimika. Vilikuwa bora kuliko vyangu. Lingekuwa jambo dogo kumsamehe ujana wake. Ufundi wake ulinishinda kuusamehe.

Kwa hiyo mume wetu alikuwa na jozi mbili za vizibo na kichwa kimoja. Akanijia kabla ya safari, amejiandaa kama kadhi.

"Kulia nitavaa cha bi mdogo," akasema. "Kushoto nitavaa chako."

"Kwa nini yeye apate kulia?"

"Mtambo wa bunduki uko kulia. Cheche zote na moshi hutokea upande ule, karibu na shavu. Nta yake inastahimili moto."

"Na kushoto je?"

"Kushoto hakuna hatari kubwa. Lakini haki ni haki. Nawe uwe na lako."

Kushoto hakuna hatari kubwa! Mtu hula kwa mkono wa kulia, huingia msikitini kwa mguu wa kulia, hutoa zawadi kwa kulia. Mkono wa kushoto kila mtu anajua una kazi gani. Mimi, niliyemketisha mkekani, niliyempigia sinia mpaka mkono ukafa ganzi, ndiye niliyetupwa upande ule, na nikaambiwa kwamba hauna hatari. Nikasema moyoni, kama upande wangu hauna hatari, basi hauhitaji kazi.

Tangu hapo kizibo changu kilikuwa ni pamba iliyozungushwa mara mbili, na nta kidogo kwa juu ili kionekane kimefanywa. Sikukipima tena. Nilikitia uzi mwekundu mzuri, nikampa mkononi siku ya kuondoka huku nikimwombea dua ya safari. Dua niliiomba kwa moyo. Kizibo niliking'ang'ania kukifanya kibaya, safari baada ya safari, kwa miaka mitatu.

Ikawa mume wangu akaacha kunijibu.

Haikuja siku moja. Nyumbani kwangu aliketi kitandani, sebuleni, na mlango wa uani ninakopikia ulikuwa kushotoni kwake. Nilikuwa na desturi ya kuzungumza naye nikiwa jikoni: habari za mtaa, nani kaposwa, nani kaachwa. Zamani aliniitikia neno kwa neno. Sasa nilizungumza na sufuria. Nikinyamaza, naye yuko kimya vile vile, wala hakuuliza mbona nimenyamaza. Na siku zake za ng'ambo nilisikia kupitia makuti wakicheka. Mwenzangu alisema kwa ile sauti yake ya chini, naye akajibu. Alisema tena, akajibu. Mimi nilikuwa nikipaza sauti na nisijibiwe, mwenzangu akinong'ona na kujibiwa.

Wivu ukanishika. Nilijaribu kila kitu mwanamke wa pwani anachojua: asumini, udi, pilau ya kuku katikati ya wiki bila mgeni. Alikula, akashukuru, akanyamaza. Mwaka wa nne hakwenda Wami hata kidogo. Alisema magoti yanamuuma. Wenzake walikwenda bila yeye, nami nikajua kwa hakika kwamba ameshindwa kuachana na bi mdogo hata kwa mwezi mmoja.

Nikamvaa mwenzangu kisimani, mchana kweupe, mbele za watu. "Umemlisha nini mume wangu?"

Akatua mtungi. "Simlishi kitu, dada. Nazungumza naye tu."

Ningempiga. Nilichota maji yangu nusu mtungi nikaenda zangu.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani kwangu, kuomba chumvi, ingawa nina hakika chumvi alikuwa nayo. Mume wetu alikuwa kwangu, amekaa pale pale kitandani. Mwenzangu akaenda moja kwa moja kuketi upande wa kulia wa kitanda, jambo lililonitoa moshi, akamwuliza kwa sauti ya chini kama magoti yamepoa. Akamjibu. Mimi nikiwa mlangoni, kushotoni kwake, nikasema chini chini kwa ukali, "Magoti yakipoa kwake, kwangu yatauma?" Mwenzangu alinisikia; nilimwona akishtuka.

Hakugeuka. Uso wake haukubadilika. Alikuwa bado akimtazama mwenzangu, akitabasamu, kama mtu aliye peke yake naye.

Mwenzangu akainuka. Akanishika mkono, akanitoa nje uani.

"Dada, upande ule hasikii," akasema.

"Upande upi?"

"Wa kushoto. Anaficha, maana wenzake wakijua hawatakubali kuwinda naye. Ndiyo sababu hakwenda. Magoti yake ni mazima."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, wakati wa masika. Mimi nilipojua niligeuza kitanda changu." Kisha akaniangalia kwa mshangao usio na ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata. "Nilidhani wewe ulijua kabla yangu. Umeishi naye zaidi."

Sikujua. Nilikuwa nimepima kila cheko lililotoka ng'ambo ya ua, na sikupima jambo hili moja. Miaka mingi baadaye askari mmoja mzee aliyewahi kufunzwa shabaha alinieleza kwamba ndivyo ilivyo: mtu akilaza shavu la kulia kwenye tako la bunduki, sikio la kulia hujificha nyuma ya kichwa, na la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki unapolipukia. Mtambo wenye cheche huwatisha watu, lakini mshindo hupitia upande wa pili. Tena mume wangu alisema mwenyewe kwamba rafiki yake wa bunduki ya pili husimama kushotoni kwake. Siku ile uani sikuhitaji askari. Nilijua ni sikio la nani, na nani aliyelipewa alilinde.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta barazani akipangusa gobori ambalo halikuwa likienda popote. Nikakaa kulia kwake. Aliniangalia, akaelewa, akaacha kupangusa.

"Bwana," nikasema, "kile kizibo changu nilikuwa nikikifanya ovyo. Kwa makusudi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Safari ya kwanza. Kilidondoka kabla sijapiga. Nikakiokota, nikakirudisha, kikadondoka tena. Basi nikapiga hivyo hivyo."

"Na safari zote zile nyingine?"

"Vile vile."

"Mwenzangu alikutengenezea jozi nzima. Mbona hukutia cha kwake?"

Akaangalia mikono yake. "Ningerudi na chako kikiwa safi. Wewe hukagua."

Ni kweli. Kila aliporudi, kabla hata sijamtengea maji ya kuoga, nilikuwa nikichukua kizibo changu na kukigeuzageuza kwenye mwanga kuona kama kimeingia sikioni. Sikujua kwamba ananiona. Hivyo alikibeba kile kipande cha pamba porini na kurudi nacho, akikisukuma sikioni kila kilipodondoka, mpaka kikapata uchafu wa kuniridhisha, na alipofyatua hakikuwamo. Alichagua kupoteza sikio kuliko kusikia maneno yangu.

Nilikuwa nimekuja kumwomba radhi. Machozi yalinitoka, na neno la radhi lilikuwa ulimini. Nilichomwuliza badala yake sijapata kumwambia mtu mpaka leo.

"Na cha mwenzangu," nikasema, "kiliwahi kudondoka?"

"Hata mara moja," akasema.

Niliumia, tena sana. Naungama kwamba sikuumia kwa ajili ya sikio lake.